Pennsylvania 2020: bahasha milioni 2.6 na hesabu ya siku nne

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 4 Novemba 2020, Donald Trump wa chama cha Republican alikuwa akiongoza Pennsylvania kwa kura karibu 700,000. Ijumaa asubuhi Joe Biden wa Democratic alikuwa amempita. Jumamosi tarehe 7, saa 5:25 asubuhi kwa saa za mashariki ya Marekani, shirika la habari la AP likatangaza kwamba Biden amelitwaa jimbo hilo na kura zake 20 za wajumbe (wajumbe wa majimbo ndio wanaomchagua rais), na kwa hiyo ameupata urais. Hesabu rasmi ilifungwa kwa 3,458,229 dhidi ya 3,377,674, yaani tofauti ya 80,555.

Wakati Trump anaongoza, kura zote hizo zilikuwa tayari zimepigwa. Karatasi zilizomfikisha Biden mbele zilikuwa zimelala ofisini kwa wiki kadhaa, zimegongwa mhuri wa kupokewa na kupangwa kwa vituo, zikisubiri mtu mwenye ruhusa ya kisheria azifungue. Kisa hiki basi ni cha ratiba kuliko kilivyo cha siasa. Ratiba hiyo ilijulikana miezi mitano kabla na ikaachwa kama ilivyo.

Jimbo lisilo na kituo cha mapema

Takwimu za “kura za mapema” za Marekani huchanganya mambo mawili. Kuna mpiga kura anayekwenda kituoni siku kadhaa kabla na kupiga kura kwenye mashine, kama ilivyo Florida, Texas au Georgia. Na kuna anayeletewa karatasi nyumbani kwa posta. Mwaka 2020 nchi nzima ilikuwa na zaidi ya kura milioni 101 zilizopigwa kabla ya siku ya uchaguzi, kwa hesabu za Profesa Michael McDonald wa Chuo Kikuu cha Florida: za posta zilizidi milioni 65, na waliokwenda vituoni walikuwa karibu milioni 36.

Pennsylvania haina aina ya kwanza kabisa. Ina kitu kinachofanana nayo: unakwenda ofisi ya uchaguzi ya kaunti, unaomba karatasi ya posta palepale, unaijaza, unaifunga kwenye bahasha zake na kuirudisha dirishani. Machoni pa mpita njia ni foleni ya kupiga kura. Kisheria ni kura ya posta ambayo haikupitia posta, na itafunguliwa pamoja na nyingine zote. Msomaji wa Zanzibar anayeijua kura ya mapema ya siku moja, kama ile ya tarehe 27 Oktoba mwaka huohuo kwa askari na watendaji wa uchaguzi, asiifananishe na hii.

Hadi 2019 aliyetaka kupiga kura bila kufika kituoni ilimbidi atoe sababu, kama vile ugonjwa, ulemavu au kazi ya nje ya manispaa yake, na karatasi yake iwe imefika ofisini kabla ya saa 11 jioni ya Ijumaa iliyotangulia uchaguzi. Novemba 2016 kura za namna hiyo zilikuwa takriban 266,000 katika jimbo lenye wapiga kura zaidi ya milioni 6. Ofisi za kaunti 67 zilikuwa na watumishi, meza na mashine za kutosha mzigo huo, basi.

Tarehe 31 Oktoba 2019 Gavana Tom Wolf alisaini Sheria Namba 77. Kuanzia hapo kila mpiga kura angeweza kuomba kura ya posta bila kutoa sababu, maombi yangepokewa hadi siku saba kabla ya uchaguzi, na karatasi ingekubaliwa ikifika kabla ya saa 2 usiku ya siku yenyewe. Kwa kubadilishana, Republican walipata walichokitaka: ile alama moja ya kuchagua wagombea wote wa chama kwa mpigo ikafutwa. Bunge la jimbo lilikuwa mikononi mwa Republican, na wao ndio walioupa muswada kura nyingi. Upinzani mkubwa ulitoka kwa Democratic, waliohofia kufutwa kwa ile alama. Mwaka mmoja baadaye pande hizo zilikuwa zimebadilishana hoja bila haya.

Sheria hiyo ilitungwa kabla ya korona. Machi 2020 ikaja Sheria Namba 12: uchaguzi wa mchujo, wa kuteua wagombea wa vyama, ukasogezwa kutoka Aprili 28 hadi Juni 2, na kaunti zikaruhusiwa kuanza kufungua bahasha saa 1 asubuhi ya siku ya uchaguzi badala ya kungoja vituo vifungwe. Dakika moja kabla ya hapo, bahasha haiguswi kwa kisu.

Juni watu takriban milioni 1.5 walipiga kura kwa posta, na wiki nzima baadaye kaunti nyingi zilikuwa bado zinahesabu. Hakukuwa na onyo lililo wazi kuliko hilo. Chama cha makamishna wa kaunti, chenye watu wa vyama vyote viwili, kiliomba jambo moja: tupewe siku za kutosha kufungua bahasha kabla ya uchaguzi. Muswada wa Baraza la Wawakilishi ulitoa siku tatu, ila ukafunganishwa na kupiga marufuku masanduku ya kudondoshea kura na kurudisha nyuma mwisho wa kuomba karatasi. Gavana alitaka siku 21 na hakukubali yale mengine. Muswada ukafa, Novemba ikaingia na saa 1 asubuhi ileile.

Bahasha inavyosafiri

Hapa ndipo palipo na uhondo, maana asiyeijua kazi hii huona siku nne ni nyingi mno.

Mpiga kura hupokea karatasi, bahasha ya ndani na bahasha ya nje. Ya ndani ni ya siri: haina jina, na mtu akiandika au kuchora juu yake chochote kinachomtambulisha yeye au chama chake, kura inatupwa. Ya nje ndiyo yenye tamko: jina, anwani, mahali pa saini na tarehe, na msimbo wa mistari wa kusomwa na mashine. Karatasi inaingia ya ndani, ya ndani inaingia ya nje, halafu inatumwa au kupelekwa na mpiga kura mwenyewe. Kumbebea jirani au hata mke hairuhusiwi, isipokuwa kwa mlemavu aliyemteua mtu kwa maandishi.

Ikifika ofisini, msimbo unasomwa na mfumo wa daftari la wapiga kura la jimbo unaandika kwamba kura ya fulani imepokewa. Taarifa hii ndiyo inayozalisha takwimu za kila siku za “kura zilizorudi”. Inajulikana ni nani amerudisha, anaishi wapi, ana umri gani na ameandikishwa chama gani. Amempigia nani haijulikani, kwa sababu karatasi bado imefungwa mara mbili. Bahasha zinapangwa kwa vituo na kufungiwa. Zisizo na saini huwekwa kando. Kaunti nyingine ziliwapigia simu wenyewe waje kurekebisha, nyingine hazikufanya hivyo, na tofauti hiyo peke yake ilizaa kesi.

Saa 1 asubuhi ya siku ya uchaguzi, chini ya macho ya wawakilishi wa wagombea, bahasha za nje zinakatwa na za ndani zinatolewa. Mafungu mawili yanatenganishwa kabisa ili jina lisikutane tena na kura. Ndipo za ndani nazo zinakatwa. Karatasi iliyokunjwa mara mbili au tatu na kukaa hivyo wiki nne haitaki kunyooka, na mashine ya kusomea hulishwa karatasi zilizonyooka. Zikiingizwa na mikunjo zinakwama, na kila kukwama kunasimamisha fungu zima. Kwa hiyo zinakunjuliwa na kugandamizwa kinyume. Karatasi iliyochanika au iliyomwagikiwa chai hainyang’anywi kura yake: jozi ya watumishi huinakili kwenye karatasi mpya, mmoja akisoma na mwingine akiandika, kisha zote mbili hupewa namba moja ya kumbukumbu. Baada ya hapo ndiyo mashine inasoma. Jumla haitolewi kwa mtu yeyote kabla ya saa 2 usiku.

Piga hesabu ya kukadiria tu. Philadelphia peke yake ilipokea kura za posta zaidi ya 350,000. Tuseme kukata bahasha mbili, kutoa, kukunjua na kukagua kunachukua nusu dakika kwa kila kura, ambayo ni kasi ya mtu hodari asiyekwenda haja. Hizo ni dakika 175,000, sawa na saa 2,900 na ushei za kazi. Watu 100 wasiopumzika wangemaliza kwa saa 29, na bado hujaigusa mashine ya kusomea. Jiji lilikuwa limejiandaa vizuri: ukumbi mkubwa wa mikutano katikati ya mji, mashine za kukata na kufyatua karatasi, kazi usiku na mchana. Kaunti ndogo zilikuwa na visu vya mkono na watumishi walewale waliokuwa wakihangaika na vituo siku hiyohiyo. Baadhi, Cumberland ikiwamo, ziliona bora zimalize ya vituoni kwanza na kuzifungua za posta Jumatano asubuhi. Huwezi kuwalaumu kwa hilo, ingawa kila bahasha iliyosubiri Jumatano iliongeza upana wa uongozi wa Trump wa Jumanne usiku.

Yaliyokwenda kombo kabla ya siku yenyewe

Tarehe 29 Julai 2020 mwanasheria mkuu wa shirika la posta la Marekani aliliandikia jimbo kwamba tarehe za sheria yake hazioani na mwendo wa barua. Mtu aliyeomba karatasi siku ya mwisho, siku saba kabla, alihitaji barua mbili zifike ndani ya wiki moja: karatasi kumjia, na karatasi kurudi. Shirika lilikuwa linashauri kutuma karatasi iliyojazwa wiki nzima kabla. Hesabu haiingii. Katibu wa Jimbo, Kathy Boockvar, akaenda mahakamani kuomba siku tatu za nyongeza.

Tarehe 17 Septemba Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilitoa hukumu zilizokata mambo kadhaa kwa wakati mmoja. Kura zilizotumwa kabla ya mwisho wa siku ya uchaguzi zingepokewa hadi Ijumaa tarehe 6 Novemba saa 11 jioni. Masanduku ya kudondoshea kura yaliruhusiwa. Kubeba kura ya mwingine kulibaki marufuku. Na karatasi isiyokuwa ndani ya bahasha ya siri, ambayo watu wa uchaguzi huko huiita kura uchi, isihesabiwe. Siku hiyohiyo mahakama iliwaondoa wagombea urais wa chama cha Green kwenye karatasi. Hadi hapo kaunti zilikuwa haziwezi kuchapa, na hii ndiyo sababu mkondo wa maombi na marejesho Pennsylvania ulianza kuonekana mwisho wa Septemba wakati majimbo mengine yalikuwa yameshaanza kupokea. Aliyelinganisha Pennsylvania na North Carolina wiki hizo alikuwa analinganisha kalenda mbili tofauti.

La kura uchi lilileta hofu ya kweli. Siku chache baadaye kamishna wa Philadelphia, Lisa Deeley, aliwaandikia viongozi wa bunge kwamba kura hadi 100,000 jimboni zingeweza kutupwa kwa sababu hiyo. Alikuwa na msingi: Novemba 2019 asilimia 6.4 ya kura za wasiofika vituoni jijini kwake zilirudi bila bahasha ya ndani. Na mwaka 2016 Pennsylvania nzima iliamuliwa kwa kura 44,292. Utabiri haukutimia kwa ukubwa ule, na sababu ni kampeni ya elimu ambayo haikumwacha mtu: matangazo, vikaratasi ndani ya bahasha, maofisa wa kaunti, hadi wasanii maarufu waliojirekodi bila nguo ili ujumbe ukae kichwani. Ulikaa.

Kosa lingine lilikuwa la kiwandani. Katika Kaunti ya Allegheny, ambako uko mji wa Pittsburgh, wapiga kura 28,879 walitumiwa karatasi isiyo ya eneo lao. Karatasi sahihi zilitumwa upya, na zile mbovu zilizorudi zikatengwa hadi ifahamike nani amerudisha ipi. Takwimu za “zilizorudi” za kaunti hiyo kwa wiki kadhaa zilihitaji kusomwa kwa tahadhari, jambo ambalo wachora grafu wengi hawakulifanya.

Zile siku tatu za nyongeza nazo zilipanda hadi Washington. Tarehe 19 Oktoba Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika majaji wanne kwa wanne, hivyo uamuzi wa jimbo ukasimama. Tarehe 6 Novemba Jaji Samuel Alito aliamuru kura zilizofika ndani ya siku hizo tatu zitengwe. Zilikuwa kama 10,000, na hazikuingizwa katika jumla ya urais. Kelele zote za miezi miwili zilihusu kura ambazo, hata kama zote zingekuwa za mgombea mmoja, zisingetikisa tofauti ya 80,555. Athari yake kubwa ilikuwa kwa mpiga kura: aliyesikia “Ijumaa” kisha akasikia “huenda siyo Ijumaa” aliacha posta na kubeba bahasha yake mkononi hadi kwenye sanduku.

Namba za Oktoba zilisema nini

Kufikia mwisho wa Oktoba karatasi zaidi ya milioni 3 zilikuwa zimeombwa. Karibu theluthi mbili ya waombaji walikuwa wamejiandikisha Democratic na robo hivi Republican. Waliobaki ni wa vyama vidogo na wasio na chama. Katika zilizorudi, Democratic walizidi Republican kwa zaidi ya milioni moja.

Mtu akiitazama namba hiyo peke yake atasema uchaguzi umekwisha. Akikumbuka kwamba Democratic daftarini walikuwa mbele kwa takriban 686,000 tu, atashtuka zaidi: wamewezaje kuwa na ziada ya milioni katika bahasha? Jibu ni kwamba namba hii inapima njia. Trump aliitukana kura ya posta kuanzia masika hadi Novemba, na wafuasi wake wakamsikia. Upande wa pili uliogopa korona na kuhimizwa kukaa nyumbani. Watu wa vyama viwili vinavyokaribiana kwa nguvu wakapita milango miwili tofauti, na takwimu za Oktoba zilikuwa za mlango mmoja.

Matokeo ya mwisho yanalionyesha hili. Kati ya kura za posta kama milioni 2.6, Biden alipata karibu milioni 2 na Trump karibu 600,000. Kwa asilimia ni 76 kwa 23. Vituoni siku ya uchaguzi Trump alipata zaidi ya milioni 2.7 na Biden milioni 1.4. Kwa hiyo Trump aliwashinda watu waliosimama foleni kwa takriban kura mbili kwa moja, na bado akashindwa.

Anayetaka kuzisoma namba za namna hii mahali popote ana mambo ya kuangalia kabla ya kuchora mstari. Zilizoombwa si zilizorudi. Pengo kati ya hizo mbili linapungua kila siku na halifungi kabisa, maana kuna anayeomba kisha akaamua kwenda kituoni. Chama cha daftarini si kura: magharibi ya Pennsylvania, kwenye miji ya zamani ya chuma na makaa, wapo Democratic wa kwenye karatasi ambao hawajampigia kura mgombea urais wa chama hicho kwa miaka mingi. Wasio na chama ni asilimia zaidi ya kumi ya bahasha na ndio wanaoamua, lakini grafu za vyama huwaacha nje kwa sababu hazijui ziwaweke wapi. Mpangilio wa siku nao una hila: Democratic waliojipanga hurudisha mapema, Republican na wasio na chama hurudisha kwa kuchelewa, kwa hiyo uwiano wa wiki ya kwanza daima ni mkali kuliko wa wiki ya mwisho. Kushuka kwake kusiitwe “kasi ya Republican”. Ni tabia ya kila mwaka.

Kubwa kuliko yote ni swali ambalo takwimu za kila siku haziwezi kulijibu peke yake: huyu aliyepiga mapema, asingepiga kabisa au angekwenda kituoni tu? Kama angekwenda kituoni, chama chake hakijapata kura mpya. Kimeihamisha ya Jumanne hadi Oktoba. Ili kulijua hilo lazima jina lilinganishwe na historia ya upigaji kura ya miaka iliyopita, kazi ambayo vyama huifanya kwa gharama kubwa na ambayo mwanahabari mwenye jedwali la kaunti hana uwezo nayo.

Jumanne hadi Jumamosi

Vituo vilifungwa saa 2 usiku. Mashine za vituoni hutoa jumla yake palepale, hivyo kura za waliosimama foleni zilianza kumiminika kwanza, na tayari tunajua zilikuwa za nani. Saa 8 na dakika ishirini hivi usiku Trump alizungumza Ikulu na kutaja uongozi wa 690,000 Pennsylvania kana kwamba mambo yameisha.

Asubuhi ya Jumatano kura za posta zaidi ya milioni moja zilikuwa hazijahesabiwa. Mwenye kalamu angeweza kukadiria. Kwa mgawanyo wa 76 kwa 23, kila kura 100 za posta humwongezea Biden 53 juu ya mpinzani wake. Kuifuta 690,000 kulihitaji kura za posta kama milioni 1.3, na kilichobaki, pamoja na vituo vya miji mikubwa ambavyo vilikuwa havijaingia vyote, kilikuwa kwenye kiwango hicho. Wachambuzi waliokuwa wakiangalia aina ya kura iliyobaki, na mahali ilipobaki, waliliona hilo Jumatano. Walioangalia asilimia ya “vituo vilivyoripoti” waliona asilimia kubwa na kudhani kazi imekaribia mwisho, ilhali kura ya posta haikai kituoni na asilimia hiyo haiihesabu vizuri.

Uongozi ukapungua fungu kwa fungu, bila kishindo chochote. Ijumaa asubuhi Philadelphia ilitoa fungu la kura kama 31,000, nyingi mno za Biden, naye akapita mbele. AP ilingoja siku moja zaidi kwa sababu kisheria tofauti ya nusu asilimia au pungufu huleta hesabu ya marudio, na ilitaka kujiridhisha kwamba mwanya utazidi hapo. Ulifika asilimia 1.16.

Florida ilikuwa kinyume chake. Kule sheria ya mwaka 2020 iliruhusu bahasha kushughulikiwa kuanzia siku 22 kabla, na jumla ya kura za mapema hutolewa punde vituo vinapofungwa. Jioni ileile Biden alianza mbele Florida, kura za vituoni zikaingia, Trump akapita na kushinda. Hakuna aliyedai kwamba kura za Trump “zilitokea usiku”. Ni mambo yaleyale, mpangilio umegeuzwa. Pennsylvania ingepewa zile siku 21 za gavana, au hata tatu za Republican, sehemu kubwa ya milima ile ya bahasha ingesomwa kabla ya saa sita ya usiku wa Jumanne. Uongozi wa 690,000 usingekuwapo wa kuutangazia dunia.

Miaka minne baadaye

Sheria Namba 77 ilibatilishwa na mahakama moja ya jimbo Januari 2022, kisha Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikairejesha tarehe 2 Agosti. Mwaka huohuo Sheria Namba 88 ikatenga dola milioni 45 kwa kaunti zitakazokubali sharti la kuhesabu bila kusimama mpaka zimalize. Ilikuwa dawa ya nusu: imelipia mikono na mashine, haikugusa saa 1 asubuhi.

Mwaka 2024 mkondo ulikuwa mwingine. Korona haikuwapo, kura za posta zilipungua kuwa chini ya milioni 2, na Republican walikuwa wamebadili wimbo. Sasa waliwahimiza watu wao waombe karatasi. Sehemu ya Republican katika bahasha zilizorudi ilipanda kutoka robo hivi hadi theluthi. Foleni za ofisini zilikuwa ndefu kiasi kwamba katika Kaunti ya Bucks kampeni ya Trump ilishtaki ili watu waongezewe muda wa kuomba karatasi, na hakimu akausogeza hadi tarehe 1 Novemba. Chama kilekile, jimbo lilelile.

Oktoba ile baadhi ya wachambuzi walizungumzia “ukuta” wa Democratic: wakipata ziada ya bahasha fulani, nusu milioni hivi, watakuwa salama. Ziada ilifika zaidi ya 400,000, chini ya nusu ya ile ya 2020, na mjadala ukawa kama ukuta unatosha au hautoshi. Lakini kiwango chenyewe kilichotwa kutoka mwaka ambao milango ilikuwa imegawanywa kisiasa kuliko wakati wowote, na daftari nalo lilikuwa limesogea: ule uongozi wa Democratic wa 686,000 ulikuwa umebaki chini ya 300,000. Upungufu wa bahasha ungeweza kumaanisha kwamba Republican wamehamia posta, au kwamba Democratic wamerudi vituoni, au kwamba hawaji kabisa. Grafu ni ileile kwa hali zote tatu.

Trump alishinda Pennsylvania kwa takriban kura 120,000. Matokeo yalijulikana usiku uleule kabla ya kupambazuka, kwa kuwa bahasha zilikuwa chache, mashine zilikuwa nyingi, na tofauti ya posta na vituo ilikuwa imepungua. Kisu cha kukatia bahasha kiliguswa saa 1 asubuhi, kama 2020.